MASHAURI YA KARANI: Mtu wa Majaribio Naye Ni Mfanyakazi



Juma lililopita nililetewa barua na kijana mmoja ambaye ni karani wa ghala katika mji mdogo wa Bonde la Ufa. Jina lake sitalitaja, wala la mahali anapofanya kazi, maana sikusudii kumwaibisha mtu. Lakini swali lake nimekwisha kulisikia mara nyingi mno mbele ya dawati langu, na kwa hiyo nimeona afadhali nilijibu hapa, ili wengi wapate faida.

Kijana huyu aliandikwa kazi miezi 10 iliyopita. Siku aliyoanza, msimamizi alimwambia kwa mdomo tu: "Utafanya majaribio miezi 3, kisha tutakuthibitisha." Miezi 3 ikapita, ikapita 6, na barua ya kuthibitishwa haikuonekana. Katika mwezi wa 6 aliugua malaria akalala siku 4. Alileta cheti cha daktari, lakini siku zile 4 zilikatwa katika mshahara wake. Katika mwezi wa 8 mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza. Akaomba ruhusa ya majuma mawili, akanyimwa. Sasa, katika mwezi wa 10, ameomba likizo ya mwaka apate kwenda nyumbani kuwasaidia wazazi wake kuvuna, nayo amenyimwa. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile: "Wewe bado u mtu wa majaribio. Haki zako zitaanza ukithibitishwa."

Anauliza: "Bwana Karani, je, neno hili ni kweli?"

Nitamjibu kwa urefu, na tangu sasa namwambia hivi: katika mambo yake matatu, mawili haki ni yake, na katika moja msimamizi wake hakukosa. Asome mpaka mwisho ajue lipi ni lipi.

Kwanza niwaambie kwa nini barua hii ilinichoma moyo. Kabla sijaingia kazi ya Serikali, mwaka 2014, nilikuwa mtunza vitabu vya hesabu katika ofisi ya mtu binafsi. Mimi pia niliambiwa kwamba ni mtu wa majaribio, na majaribio yangu yalidumu miezi 15. Katika mwezi wa 5 nilishikwa na homa ya matumbo, nikalala siku 9. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 18,000 kwa mwezi, yaani shilingi 600 kwa siku. Nilikatwa siku zote 9, jumla shilingi 5,400. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyeyaandika makato hayo katika kitabu cha mishahara, kwa mkono wangu, kwa wino mzuri, nikapiga mstari chini yake. Fedha hizo zilikuwa karo ya ndugu yangu mdogo wa kike, naye alikaa nyumbani majuma mawili wenzake wakisoma. Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa unyenyekevu. Nilinyamaza kwa sababu sikujua. Nilidhani haki ya mfanyakazi ni zawadi ambayo mkubwa huitoa siku anapotia sahihi barua ya kuthibitisha.

Wasomaji wangu, neno ninalotaka mlishike leo ni moja tu. Haki ambazo sheria imempa mfanyakazi huhesabiwa kwa kalenda. Hazihesabiwi kwa barua ya kuthibitishwa. Ziko zinazoanza siku ya kwanza, ziko zinazoanza baada ya miezi miwili, na ziko zinazokomaa mwaka ukitimia. Sheria haikusema popote kwamba haki hizo zingoje barua ya msimamizi.

Sheria tunayoitumia katika Kenya ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni 2008. Ndani yake mna neno kubwa ambalo kila mtu aliyeandikwa kazi angelijua kama ajuavyo jina lake. Masharti yaliyoandikwa humo ndiyo ya chini kabisa. Mwajiri aweza kumpa mtu wake zaidi ya hayo, lakini hawezi kumpa pungufu. Na mapatano yoyote ya kumwondolea mfanyakazi masharti hayo ni batili, hata kama mfanyakazi mwenyewe aliyatilia sahihi. Basi mtu akikuonyesha karatasi isemayo, "Mtu wa majaribio hana ruhusa ya ugonjwa," karatasi hiyo haina nguvu katika jambo hilo.

Sasa tuyatazame majaribio yenyewe. Sheria inayakubali, wala si jambo baya. Mwajiri apaswa kupata nafasi ya kumjua mtu aliyemtia nyumbani mwake, na mfanyakazi naye apaswa kumjua mwajiri. Lakini sheria imeyawekea mipaka. Mpaka wa kwanza ni kwamba mkataba wa majaribio lazima uwe wa maandishi, na useme waziwazi kwamba ni wa majaribio. Majaribio ya kuambiwa mlangoni kwa mdomo si mkataba wa majaribio kwa maana ya sheria hii. Mpaka wa pili ni muda. Majaribio hayazidi miezi 6. Mwajiri akitaka kuongeza, aweza kuongeza miezi isiyozidi 6 tena, lakini lazima mfanyakazi akubali. Jumla yake ni miezi 12, na mwajiri hana ruhusa ya kumweka mtu katika majaribio kupita hapo. Kwa hiyo ile miezi 15 yangu haikuwa na msingi wo wote.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walikuwa na maana kwamba mtu akipewa jembe si mgeni tena, bali ni mtu wa nyumba, na chungu cha nyumba ni chake pia. Mwajiriwa hupewa jembe siku ya kwanza. Basi haifai aambiwe kwamba katika kulima yeye ni mwenyeji, lakini katika kula bado ni mgeni.

Haya, tuifungue kalenda.

SIKU YA KWANZA. Tangu siku mtu anapoanza kazi anastahili mshahara wake kamili kama mlivyopatana, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Anastahili nyumba ya kumfaa, au fedha za kukodi nyumba, isipokuwa mkataba wake uwe umekwisha kuzichanganya fedha hizo ndani ya mshahara. Akiumia kazini kwa ajali iliyotokana na kazi yake, mwajiri ana wajibu wa fidia kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Kidole kilichokatwa na mashine katika juma la kwanza ni kidole sawa na cha mtu aliyefanya kazi miaka 20. Michango ya lazima nayo huanza na mshahara wa kwanza. Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri huongeza asilimia 6 yake, kwa mshahara usiopita kiwango kilichowekwa. Tangu Oktoba 2024, Bima ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa ile NHIF ya zamani, na makato yake ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mwajiri asemaye, "Nitakuandikisha NSSF ukithibitishwa," anakukosesha akiba ya uzee wako mwezi kwa mwezi.

Uzazi nao umo hapa. Mwanamke mfanyakazi ana likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na mwanamume ana majuma mawili kwa mshahara kamili mkewe akijifungua. Sheria haikuweka idadi ya miezi ambayo mtu lazima awe amefanya kazi kwanza. Inamtaka mama atoe taarifa siku 7 mbele, au muda mfupi zaidi unaofaa ikiwa haikuwezekana. Akirudi, hurudi katika kazi yake ile ile au nyingine inayomfaa isiyo na masharti mabaya zaidi. Likizo yake ya mwaka haipotei, kinyume cha ilivyokuwa katika sheria ya mwaka 1976, ambapo mama alipewa miezi 2 na kuipoteza likizo ya mwaka huo. Tena mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Nasema hili kwa nguvu, maana nimewaona binti zetu wakifunga matumbo yao kwa vitambaa wasijulikane kwamba ni wajawazito mpaka watakapothibitishwa. Hilo ni jambo la hatari kwa mama na kwa mtoto, na kisa chake chote ni kutoijua sheria.

BAADA YA MIEZI 2. Hapa huanza haki ya ugonjwa. Mtu aliyekwisha kufanya kazi miezi 2 mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari mwenye sifa, anastahili siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu ya mshahara, katika kila muda wa miezi 12. Sharti amjulishe mwajiri mapema kadiri awezavyo. Turudi kwenye hesabu yangu ya mwaka 2014. Niliugua siku 9, nami nilikuwa katika mwezi wa 5. Siku 7 zilikuwa na mshahara kamili, na siku 2 zilikuwa na nusu. Makato ya haki yalikuwa nusu ya siku mbili, yaani shilingi 600. Nilikatwa 5,400. Nilipoteza shilingi 4,800, na kalamu iliyoziandika ilikuwa yangu.

Vilevile, kabla miezi 2 haijapita tangu mtu aanze kazi, mwajiri apaswa kuwa amempa maandishi ya masharti ya kazi yake: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mshahara, saa za kazi, likizo na mengineyo. Na kazi yo yote ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Ikiwa shauri litafika mahakamani na mwajiri hana mkataba wala maandishi hayo ya kuonyesha, basi mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi huwa juu yake. Ndiyo maana yule asiyeandika, akidhani anajikinga, kwa kweli anajiacha uchi.

MWAKA UKITIMIA. Baada ya kila miezi 12 ya kazi mfululizo, mfanyakazi anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Kabla ya mwaka kutimia, mwajiri halazimiki kumpa likizo hiyo, ingawa wengi hutoa siku chache kwa mapatano. Lakini siku hizo hazipotei. Kazi ikikoma baada ya miezi 2 au zaidi, mfanyakazi hulipwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliotimia. Aliyefanya kazi miezi 5 ana siku 8 na robo tatu. Na ikiwa mshahara wake ni shilingi 500 kwa siku, atoke na shilingi 4,375 za likizo juu ya mshahara wake.

Sasa yamkini mtu atauliza: "Ikiwa haki hizi zote hazingoji barua, barua ya kuthibitishwa ina faida gani?" Faida ipo, na si haki kuificha. Wako waajiri wanaotoa mambo zaidi ya sheria: malipo ya uzeeni ya kampuni yenyewe, bima ya matibabu ya jamaa nzima, mikopo ya nyumba, bakshishi ya mwisho wa mwaka. Hayo hutoka katika mkataba, au katika mapatano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, na mapatano hayo yaweza kusema kwamba yanaanza baada ya kuthibitishwa. Huko mwajiri hakukosa. Basi utazame kwa makini: jambo unalodai ni la sheria, au ni la mapatano? La sheria, soma kalenda. La mapatano, soma mkataba. Ukichanganya mambo haya mawili utadai yasiyo yako na kuacha yaliyo yako.

Tena barua ina uzito wakati wa kuachana. Katika majaribio, kila upande waweza kuvunja mkataba kwa notisi isiyopungua siku 7, au mwajiri alipe mshahara wa siku 7 badala yake. Mtu wa mshahara wa mwezi aliye nje ya majaribio hupewa notisi isiyopungua siku 28. Zamani ilisemekana pia kwamba mtu wa majaribio aweza kuondoshwa bila kuulizwa neno. Lakini mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi walitamka kwamba kifungu kilichomnyima mtu wa majaribio haki ya kusikilizwa hakipatani na Katiba ya mwaka 2010, ambayo humpa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kukitangua kifungu kilichosema kwamba mtu asiyefikisha miezi 13 hawezi kulalamika kwamba ameachishwa kazi bila haki. Njia nzuri kwa mwajiri, basi, ni kumwita mtu, kumweleza kasoro yake, na kumsikiliza, kabla ya kumtoa. Na akimtoa ampe cheti cha kazi, ikiwa alifanya kazi majuma 4 au zaidi.

Neno kwa ndugu zetu vibarua. Mtu wa kulipwa kutwa, akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi 3, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Na akiendelea kwa miezi 2 au zaidi tangu siku aliyoanza ukibarua, hupata masharti sawa na ambayo angepata kama asingaliandikwa kibarua. Kumwita mtu kibarua kwa miaka 3 hakumfanyi awe kibarua.

Sasa nawageukia ninyi wakulima, maana najua wengi wenu mnasoma mkidhani haya ni mambo ya wenye viwanda wa Nairobi na Mombasa. Wewe mwenye ng'ombe watano wa maziwa, uliyemwandika kijana wa kukamua na kukata majani, wewe ni mwajiri. Wewe mama uliyemwandika msichana wa kukulelea watoto uende sokoni, wewe ni mwajiri. Nilipokuwa nikizungumza na mkulima mmoja wa ushirika wa maziwa kuhusu jambo hili, aliniambia, "Karani, mimi sina mkataba, nina kijana tu." Nikamwuliza kijana ana muda gani. Akasema, "Tangu mwaka juzi." Nikamwuliza kama amepata likizo. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza gharama ya siku 21 ni kiasi gani. Tulihesabu pamoja kwenye ganda la daftari lake la maziwa. Juma lililofuata kijana alikwenda kwao kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, na fedha mkononi. Mkulima yule aliandika hesabu ya maziwa kila siku asubuhi na jioni, asikose hata nusu lita. Lakini siku za yule aliyeyakamua hakuwa ameziandika hata moja.

Hapa ndipo nifikapo kwenye shauri langu kubwa: daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku zako za kazi ni mali. Babu zetu walipokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya walowezi, tarehe zao za kazi hazikuwa mikononi mwao. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi, siku alipoacha, na mshahara wake. Mwenye shingo alibeba kikasha, lakini mwenye kalamu alikuwa mwingine. Leo kikasha hakipo. Lakini wengi wetu bado tunaiacha kalamu katika mkono wa mwajiri peke yake, huku sisi tukibeba uzito tu.

Nunua daftari ndogo, au andika katika simu yako. Andika tarehe uliyoanza kazi na jina la aliyekupokea. Andika kila mshahara na tarehe yake, na uitunze hati ya malipo. Weka nakala ya kila cheti cha daktari. Andika siku unapoomba ruhusa na jibu ulilopewa. Kisha piga alama tatu katika kalenda: siku miezi 2 itakapotimia, siku majaribio yako yatakapokwisha, na siku mwaka utakapotimia. Mtu mwenye alama hizo hawezi kuambiwa "bado" akaamini.

Na wakati wa kudai, dai kwa adabu. Usianze kwa kelele wala kwa kutishia mahakama. Andika barua fupi: "Bwana, nilianza kazi tarehe fulani, niliugua siku kadhaa, na cheti nakitia pamoja na barua hii, naomba makato yale yatazamwe tena kwa kufuata Sheria ya Ajira." Weka nakala. Waajiri wengi hawana nia mbaya. Wao pia walifundishwa na waliowatangulia kwamba mtu wa majaribio hana kitu, wakaamini. Ikiwa hukusikilizwa, nenda kwa Ofisa wa Kazi aliye karibu nawe, au kwa chama chako cha wafanyakazi. Aliyeachishwa kazi bila haki apeleke malalamiko yake kwa Ofisa wa Kazi kabla ya miezi 3 kupita. Na madai ya kazi kwa jumla hayapelekwi mahakamani baada ya miaka 3. Mimi nilipoisoma sheria hii kwa mara ya kwanza, mwaka 2019, nilichukua kalamu nikahesabu shilingi zangu 4,800, kisha nikahesabu miaka. Miaka 3 ilikuwa imekwisha pita. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa wafanyakazi nina neno moja la mwisho, msije mkasema nimewapakia waajiri peke yao mzigo. Haki haiondoi wajibu. Aliye katika majaribio na afike mapema, aulize asilolijua, asilete cheti cha ugonjwa ambao hakuugua. Mtu mmoja anayedanganya kwa cheti cha uongo huwafanya kumi wagonjwa kweli wasiaminiwe.

Sasa wewe kijana wa ghala, jibu lako ni hili. Siku zako 4 za malaria zilikuwa za mshahara kamili, maana ulikuwa umepita miezi 2 na ulileta cheti, omba urudishiwe. Majuma mawili ya mtoto wako yalikuwa haki yako, nawe hukupaswa kunyimwa. Liandike hilo katika barua yako pia. Likizo ya mwaka bado haijakomaa, na hapo msimamizi wako hakukosa kukataa, ijapokuwa alikosa sababu: neno la kweli lilikuwa kwamba bado miezi 2 mwaka utimie, wala si kwamba hujathibitishwa. Lakini ujue kwamba mpaka sasa umekwisha kuchuma siku 17 na nusu, na hakuna awezaye kukunyang'anya. Ama majaribio yako, yalikuwa ya mdomo tu, na sheria haiyajui majaribio ya namna hiyo.

Mavuno ya mwaka huu hutayawahi. Lakini waambie wazazi wako kwamba utakuja miezi 2 ikipita, ukiwa na siku 21 na mshahara wako kamili, na mjukuu wao mgongoni mwa mama yake. Na usiku wa leo, kabla hujalala, nunua daftari.

Mpaka juma lijalo, nawatakieni kazi njema.